Gemu la PS ukiwa Dodoma: lipi ununue kwanza, lipi usubiri, lipi uliache dukani

Magemu siku hizi yanauzwa kabla hayajaiva. CD inachapwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kutoka, kazi inaendelea ofisini, halafu marekebisho yanakuja kama apdeti siku ileile unapofungua boksi. Mpango huo umemlenga mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo nyumbani. Mtu wa Nkuhungu au Ipagala anayeishi kwa bando, apdeti ya GB 50 kwake ni bei ya pili juu ya bei ya gemu. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, na ukiipata hiyo jioni ushukuru, GB 50 zinakula saa 11 hivi, mradi umeme usikatike katikati.

Kwa hiyo nimepanga orodha hii kwa swali moja tu: ukichomeka CD bila intaneti, unapata nini? Michoro mizuri na sifa za YouTube zinakuja baadaye. Nimezungumzia zaidi PS4 na PS5 kwa sababu ndizo zilizojaa madukani na vibandani, ingawa mengi yanahusu Xbox na Switch pia.

Namba 1: CD ya toleo kamili, hata kama ni ya mtumba

Gemu likishatimiza mwaka au miwili sokoni, kampuni nyingi hutoa boksi jipya lenye gemu lenyewe, marekebisho na nyongeza zote, yaani DLC. Juu ya boksi utaona "Game of the Year" au "Complete Edition". Hiyo ndiyo CD ya mtu wa bando.

Mifano ninayoisimamia: The Witcher 3 toleo la "Game of the Year" la PS4, lililotoka 2016, lina nyongeza zote mbili kubwa, na Blood and Wine peke yake inatosha kuitwa gemu. Horizon Zero Dawn "Complete Edition" linakuja na Frozen Wilds. Skyrim "Special Edition" ya 2016 ina nyongeza zake zote tatu. Hili la mwisho lina historia yake. Waliolinunua Skyrim kwenye PS3 mwaka 2011 walipata gemu lililozidi kustaki kadiri faili la sevu lilivyokua. Nyongeza ya Dawnguard ilifika Xbox 360 Juni 2012, wao wa PS3 wakasubiri hadi Februari 2013. Walilipa bei sawa na wenzao. Aliyenunua 2016 akapata vyote kwenye boksi moja.

Ila usidanganywe na maandishi ya boksi. Kuna matoleo yanayoitwa kamili ambayo ndani yake kuna CD ya gemu la kawaida na kikaratasi chenye namba ya siri (code) ya kupakulia nyongeza. Namba hiyo inatumika mara moja. Kwenye mtumba imeshatumika, hata kama muuzaji hajui. Mitaa ya Majengo mazungumzo yanakwenda hivi:

"Bosi wangu, hili kamili, lina kila kitu."

"Na hiki kikaratasi kilichokwanguliwa?"

"Hicho ni cha matangazo tu."

Si cha matangazo. Geuza boksi nyuma usome maandishi madogo ya chini. Ukiona neno "voucher" au "download required", lipa bei ya gemu tupu au rudisha.

Sasa kuna jambo la kanda, yaani eneo la dunia ambako CD au akaunti ni ya huko, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa bila kujua nani kawapiga. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, yaani duka na huduma za mtandaoni za Sony, wenye PlayStation. Kila mwenye akaunti hapa amejiandikisha kama mkazi wa Marekani, Uingereza, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu. CD ya PS4 haina mipaka, ya Marekani inacheza vizuri kwenye mashine iliyopitia Dubai. Mipaka iko kwenye nyongeza. DLC uliyonunua kwa akaunti ya Marekani haiitambui CD ya Ulaya. Pesa imekatwa, faili limeshuka, bando limekwisha, na ukifungua gemu ramani mpya haipo. Unaanza kuilaumu mashine.

Kinga yake ni kuangalia alama ya umri kwenye kona ya chini ya jalada. Herufi kama E, T au M ni CD ya Marekani. Tarakimu 3, 7, 12, 16 au 18 zenye jina PEGI ni ya Ulaya. Kwenye uti wa boksi kuna namba inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5, na gemu lilelile huwa na namba tofauti kwa kanda tofauti. CD ikiwa haina boksi, ambayo kwa mtumba wa Dodoma ni kawaida, namba hiyo imechapwa kwenye CD yenyewe. Ioanishe na kanda ya akaunti yako kabla hujatoa hela. Na kadi za zawadi za kuongezea salio zina kanda zake vilevile: kadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza.

Namba 2: gemu lisilohitaji nyongeza

Hapa kuna raha ya bei rahisi. God of War ya 2018 haikuwahi kuwa na DLC ya hadithi, kwa hiyo hakuna unachokosa. Red Dead Redemption 2 nalo hadithi yake ni ndefu na haikuongezewa kipande cha kulipia, ila hakikisha unapewa CD mbili. Moja ni ya kuweka data, nyingine ya kuchezea. Nimeona likiuzwa na ya kuchezea peke yake, nayo bila mwenzake haikufikishi popote.

Kabla ya kununua mtumba wowote, omba ijaribiwe hapohapo mashine ikiwa haina intaneti. PS4 inanakili gemu kwenye diski yake ya ndani (hard disk) lakini bado inaitaka CD ndani kila unapocheza, kwa hiyo mikwaruzo ina maana. Na vumbi la Dodoma, hasa upepo wa kiangazi ukianza, linakaa kwenye lenzi. CD nzima inaweza kukataliwa na mashine chafu, na fundi akakuuzia lawama ya CD. Ijaribu kwenye mashine mbili.

Namba 3: gemu la mpira, lakini siyo Septemba

Najua ndilo mlilolifuata. Lile la kampuni ya EA, zamani FIFA, linatoka kila mwaka mwezi Septemba hivi, na bei yake haijawahi kudumu. Kama unalinunulia nyumbani, subiri Januari au Februari: bei imeshuka, hitilafu kubwa zimeshashughulikiwa. Mwenye kibanda karibu na chuo au stendi hana ruhusa hiyo, kwa sababu wateja wanataka jezi mpya leo.

Nunua CD, usipakue. EA ilipoacha jina la FIFA na kuleta EA Sports FC 24 mwaka 2023, iliyaondoa FIFA 14 hadi FIFA 23 kwenye maduka ya mtandaoni. Mwenye CD ya FIFA 23 anaendelea kuiuza, kuiazima na kuikodisha. Ila ujue kwamba Ultimate Team, sehemu ya kujijengea kikosi chako, haifanyi kazi bila intaneti, na vikosi vipya vinakuja kwa apdeti.

Wa PS3, FIFA 19 ndiyo ya mwisho kwenu, tena ni jezi na vikosi vipya juu ya gemu la zamani. The Journey, ile hadithi ya mchezaji Alex Hunter, haikuwekwa kabisa kwenye PS3, kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba ipo, mwache.

Na eFootball, gemu la mpira la kampuni ya Konami, ambayo ni ya bure? Ilitoka 30 Septemba 2021 ikiwa na nyuso za kutisha na bila Master League (sehemu ya kuongoza timu msimu hadi msimu), Konami wakaomba radhi, apdeti kubwa ya kuisawazisha ikaja Aprili 2022. Siku hizi inachezeka. Ubure wake unaulipia kwa bando.

Namba 4: kununua mtandaoni

Kuna nafuu moja: gemu na DLC zikinunuliwa kwa akaunti moja, shida ya kanda inaisha. Punguzo la bei nalo huwa kubwa kuliko dukani. Lakini huwezi kuliuza ukilichoka, akaunti imefunguliwa kwa anwani ya nchi usiyoishi, na ikifungwa huna pa kulalamikia. Nashauri njia hii kwa nyongeza tu, pale ambapo CD tayari unayo na kanda zinalingana. Wanafunzi wenye Wi-Fi ya chuo, nyie mnajua mnavyofanya.

Namba 5: jipya siku ya kutoka

Dola 70 ndiyo bei ya kawaida ya gemu kubwa la PS5, kabla ya faida ya Kariakoo na nauli ya kulileta huku. Unapata nini? Cyberpunk 2077 lilitoka 10 Desemba 2020, kwenye PS4 likawa linakutoa nje na kuganda kiasi kwamba baada ya siku nane Sony waliliondoa dukani kwao na kurudishia watu pesa. Lilirudi Juni 2021. Likatengenezwa kweli, na kwenye PS5 sasa ni gemu zuri sana. Ila nyongeza yake ya Phantom Liberty ya 2023 haikuletwa PS4 kabisa. CD zake za PS4 ziko nyingi na rahisi mjini, na urahisi huo una sababu.

Assassin's Creed Unity ya 2014 ilikuwa na wahusika wasio na nyuso, macho na meno yakielea hewani. Ubisoft, waliolitengeneza, waliwapa watu nyongeza ya Dead Kings bure kama fidia. Uliyekuwa na bando ulifaidi.

La kuacha kabisa: boksi lisilo na gemu

Kwenye CD ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 kulikuwa na megabaiti 70 hivi. Kilichobaki chote ni kupakua. Tony Hawk's Pro Skater 5 ya 2015 ilikuwa na apdeti ya siku ya kwanza kubwa kuliko kilichokuwa kwenye CD. Na kwenye Switch 2 kuna kadi ambazo ni ufunguo tu wa kupakulia, zimeandikwa "Game-Key Card" mbele ya boksi.

Mashine zilizochakachuliwa na kujazwa magemu 40 naziweka hapahapa. Achilia mbali kwamba ni wizi: unapata toleo alilolikuta mchakachuaji, mara nyingi lile la kwanza lenye hitilafu zote, apdeti huwezi kugusa, na ukijaribu kuingia mtandaoni unafungiwa.

Mwisho, kwa anayefikiria PS5 isiyo na sehemu ya CD kwa kuwa ni nafuu: ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 unaweza kuinunulia kisomeo cha CD baadaye ukakipachika mwenyewe. Siku ya kukipachika lazima uwe na intaneti, mara moja tu, ndipo kikubaliwe na mashine. Jumlisha bei ya vyote viwili kabla hujachagua, na uulize kwanza kama kisomeo hicho kipo mjini au kinaagizwa Dar.