Mahamri na mbaazi za Kengeleni, kwa anayeanza chuo Mombasa

Kibanda hiki hakina bango. Sisi wa chuo tunakiita kwa Mama wa Mbaazi. Shuka matatu Kengeleni, upande wa Kisauni, uache mnara wa kengele nyuma yako, kisha uingie kichochoro kilicho kati ya fundi viatu na duka la simu. Utaona mabati manne, benchi mbili na karai kubwa jeusi juu ya jiko la makaa. Ukifika saa moja na nusu asubuhi umechelewa.

Namwandikia hasa yule anayekuja kuanza muhula wa kwanza katika chuo cha kanisa hapa mjini akitoka mbali. Mimi nilitoka Wundanyi, kwenye milima ya Taita, Januari 2025, na sanduku la bati, Biblia ya marehemu babu na blanketi zito ambalo hadi leo sijalikunjua. Chuoni watakupa kijitabu cha sheria, ratiba ya ibada na ufunguo wa kabati. Pa kunywea chai hawatakuonyesha.

Na chai ndiyo iliyonitesa mwanzo. Maji ya hosteli yetu ni ya kisima, yana chumvi. Ukioga sabuni haitoi povu, na chai yake hata ukiizidishia sukari ile chumvi inabaki nyuma ya ulimi. Kwetu milimani maji ni baridi na hayana ladha yoyote, na sikuwahi kuiona hiyo kuwa ni neema. Wiki ya kwanza mama aliponipigia simu nilimwambia nimekunywa chai, kumbe nimeimwaga kwenye mtaro. Mama wa Mbaazi hununua maji matamu ya mkokoteni, madumu matatu kila jioni, na dumu moja ni la chai peke yake. Kikombe cha kwanza nilichokunywa pale kilikuwa na tangawizi, mdalasini na maziwa ya kutosha. Niliomba cha pili kabla hata sijaketi vizuri. Sehemu ya maji ya bomba ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, nazo ziko kwetu Taita Taveta, nilipomwambia hivyo alicheka akasema, "Basi wanywa ya kwenu." Sukari huitia nyingi, tena ndani ya birika, kwa hiyo kama hupendi mwambie mapema akutilie yako kando.

Sasa mahamri. Nimeshakula ya sehemu nyingi hapa mjini, Majengo, Mwembe Tayari, mpaka ya kule kivukoni, na haya ndiyo ninayoyarudia. Unga anaukanda usiku kwa tui la nazi, hatumii maji, na iliki anaitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo cha shaba. Alfajiri husukuma madonge kuwa duara, kila duara akalikata mapande manne. Nimesimama mara nyingi karibu na karai nikitazama. Hamri ikiingia kwenye mafuta huzama kwanza, halafu huibuka taratibu, na hapo ndipo yeye huinyweshea mafuta ya moto mgongoni kwa kijiko cha matundu, haraka haraka, mara tatu au nne. Inafura kama shavu la mtoto anayepuliza moto. Anaigeuza mara moja tu. Ikitoka, ndani ni tupu na ukuta wake ni mwembamba, laini, na unasikia nazi kabla ya utamu. Kuna wenzangu wanaosema yangefaa kuwa na sukari zaidi. Sikubaliani nao. Hamri tamu sana inaua mbaazi.

Mbaazi zenyewe huziloweka tangu mchana na kuzichemsha usiku mpaka ziive bila kupasuka. Asubuhi hutia tui jepesi, kitunguu, manjano kidogo na pilipili mbichi nzima isiyokatwa, na tui zito huja mwisho kabisa. Likishaingia hilo, haruhusu sufuria lichemke kwa nguvu, maana tui litakatika. Husimama hapo akikoroga polepole, na ukimsemesha wakati huo hakujibu. Mimi nimelelewa kwa kimanga, yaani muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja, na sikujua kwamba punje inaweza kubaki nzima na bado ikayeyuka mdomoni.

Ijumaa ya wiki ya tatu nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani. Halikuwapo jambo moja kubwa. Lilikuwa joto la kaskazi usiku kucha, chandarua kinachobana pumzi, mwenzangu wa kitanda cha juu anayelia kimya kimya akidhani nimelala. Zilikuwa ibada za asubuhi, ambamo kila mtu alionekana kuzijua nyimbo ila mimi, kwa kuwa nyumbani nyingi tunaziimba kwa Kidawida, lugha yetu Wataita. Katika chuo cha Kikristo kuna upweke wa namna yake. Ukimwambia mtu umechoka, anakuwekea mkono begani na kukuombea papo hapo, halafu anawahi darasani. Nilishukuru kwa kila ombi, na sisemi kwamba hayakunisaidia. Lakini nilikuwa nikitamani mtu aniulize nimekula nini.

Nauli ya kurudi Wundanyi nilikuwa nimeikunja ndani ya Biblia, kwenye Zaburi ya 121, ile ya milima. Nikapita kwa Mama kunywa chai ya mwisho.

"Mbona mato mekundu? Hukulala?"

Nikamwambia ni moshi. Akautazama moshi, ulikuwa ukienda upande wa pili. Hakuongeza neno. Alinipakulia mbaazi, akaniwekea hamri ya tatu ambayo sikuiagiza, akarudi kwenye karai lake. Nilipokuwa nikila aliniuliza kwetu ni wapi, mama yangu yu hai, tumezaliwa wangapi, na huko milimani mbaazi hupikwaje. Nilipomweleza habari za kimanga alitaka kujua muhogo unapondwa ukiwa wa moto au umepoa. Nadhani tulizungumza robo saa nzima, na hakuna mteja aliyelalamika.

Siku moja kabla ya hapo mwalimu wa historia ya kanisa alikuwa ametueleza habari za mnara wa Kengeleni, ambao nilikuwa nikiupita kila siku bila kuuangalia. Wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, walianzisha Frere Town hapa mwaka 1875 iwe makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele ile ililizwa kuwatahadharisha wakazi majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa yalipoonekana. Hapo hapo Frere Town mwaka 1903 kilianza chuo cha theolojia kilichohamia Limuru mwaka 1930, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Asubuhi ile, nikitoka kwa Mama, nilisimama mbele ya mnara. Watu wale walinyakuliwa makwao, na wengi hawakurudi tena. Mimi nauli yangu ilikuwa ndani ya Biblia, ningeweza kuitumia siku hiyo au mwezi ujao. Nikaona mwezi ujao hauko mbali. Nikaingia darasani nimechelewa dakika kumi, nikaomba radhi.

Jambo moja ambalo mgeni lazima alijue: Ramadhani kibanda hakifunguliwi asubuhi. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilikutana, Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 5 na Waislamu walikuwa tayari wamefunga, na nilipolikuta karai limefunikwa nilijihisi kama nimenyang'anywa kitu. Mama huuza futari kuanzia saa kumi jioni: viazi vya nazi, muhogo wa nazi, kaimati zenye shira, mkate wa sinia, na mbaazi zile zile. Taabu ni kwamba geti la hosteli yetu hufungwa saa kumi na mbili na nusu, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi. Hili nimeliandikia barua ofisi ya wanafunzi na nitaendelea kuliandikia. Wengi wetu tunaishi jirani na Waislamu kwa mara ya kwanza, na sheria ile inatufungia ndani saa ile ile ambayo mtaa mzima unakaa pamoja kula.

Basi nilikuwa nikienda saa kumi na moja, nikinunua nikafungiwa kwenye gazeti, nikirudi mbio. Siku ya kwanza nilitaka kukaa benchi nile hapo hapo kama nilivyozoea. Nikaona midomo ya Mama imekauka, na mwanawe mdogo wa kiume amekaa karibu na kaimati amejishika mikono asizishike. Nikasimama. Mama akasema, "Kaa ule mwanangu, wewe si wa kufunga." Nikamwambia na sisi tuko kwenye mfungo wetu, mimi nimeacha chakula cha mchana. Aliniuliza maswali mengi kuhusu hilo: siku ngapi, mwaanza lini, maji je, na mgonjwa je. Yalikuwa maswali ya mtu anayejua kufunga, na nilijibu kwa makini zaidi kuliko nilivyojibu mtihani wowote wa muhula ule. Futari yangu nilikuwa nikiiweka juu ya kabati, ikinukia chumba kizima, na tulikuwa tukiifungua sote wanne adhana ikisikika kutoka ng'ambo ya ukuta. Yule wa kitanda cha juu ndiye aliyekuwa akigawa kaimati.

Kasoro zipo na ni haki nizitaje. Benchi hazitoshi, wengi husimama. Mvua ikinyesha bati la nyuma linavuja juu ya benchi la ukutani, keti kwenye la mbele. Mbaazi huisha mapema, wala hapiki za pili.

Halafu kuna siku ya mwanzo wa Aprili, baada ya Idi. Nilitia tonge mdomoni nikasikia uchachu kwa mbali. Nilisita, kwa sababu watu walikuwa wengi na kumwaibisha sikutaka. Nikamwita pembeni nikamnong'oneza. Alichota kwa upawa, akaonja, akafumba macho kidogo. Usiku ulikuwa na joto sana, nazi haikustahimili. Akawaambia wateja wote waache kula, akarudisha pesa ya kila mmoja kutoka kwenye mkoba wa kiunoni, hata ya mwenye bodaboda aliyekwisha maliza sahani na kusema yeye hakuonja kitu kibaya. Kisha akalibeba sufuria na kulimwaga lote. Nazi ya siku nzima, mbaazi, makaa, usiku wake. Siku hiyo tulikula mahamri na chai tu, na hakuna aliyeondoka. Tangu wakati huo nyumbani kwake tui huliweka kwenye barafu, na sijasikia tena uchachu.

Bei nilizokuwa nikilipa: hamri shilingi 10, mbaazi sahani 40 au nusu sahani 20, chai 20. Kwa shilingi 60 nilishiba mpaka chakula cha mchana. M-Pesa anapokea, ila kwa pesa ndogo anapendelea taslimu. Deni hukopesha mara moja, na la pili hupati kabla hujalipa la kwanza. Anaandika kwenye daftari kwa herufi za Kiarabu, na hajawahi kunikosea hata shilingi.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya bati na benchi, akizirekebisha nitairudisha.

Tulifunga muhula Aprili 16, Jumatano kabla ya Pasaka. Nilipitia pale na sanduku langu, nikanunua mahamri kumi na mawili ya kupeleka nyumbani, naye akatia mawili juu. Yalifika Wundanyi usiku yakiwa yamepoa na kusinyaa. Mama yangu alikula moja akiwa amesimama jikoni, akalinusa, akauliza ni iliki kiasi gani. Halafu akauliza huyo mama ana watoto wangapi.

Niliporudi Mei mama yangu alinifungia parachichi nane za shambani kwetu kwenye kitambaa cha kanga. Mama wa Mbaazi alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, zilizoiva akaziweka kulia, za kungoja akaziweka kushoto. Akaikunja ile kanga vizuri, akanirudishia, akaniambia niketi, mbaazi bado dakika tano.