Mlolongo au kura ya siri: njia ipi inafaa?
Mjadala huu hurudi Uganda kila uchaguzi unapokaribia, kwa kuwa njia zote mbili tunazijua: rais huchaguliwa kwa kura ya siri, naye lazima apate zaidi ya asilimia 50 ya kura halali, ilhali Julai 2018 wenyeviti wa vijiji, yaani LC1, walichaguliwa kwa wananchi kujipanga nyuma ya wagombea wao.

Kwa gharama, mlolongo hauna mshindani: hauhitaji karatasi, sanduku wala mashine ya kusoma alama za vidole, na hesabu hufanyika papo hapo, kila mtu akiona.

Tatizo ni usiri. Mtu anayedaiwa na mgombea dukani, au aliye mkwe wake, atasimama mstari upi? Hapo kura ya siri hushinda, ingawa humtaka mpiga kura aiamini safari ya fomu za matokeo kutoka kituoni hadi kwenye majumuisho ya kitaifa, na imani hiyo si jambo dogo, kwani mashauri ya kupinga matokeo ya urais yalifika Mahakama ya Juu mwaka 2001, 2006 na 2016.

Kijijini ambako hakuna anayemtegemea mgombea kwa riziki, mlolongo unatosha. Penye madeni au vitisho, ningechagua sanduku, hata matokeo yakichelewa.