Msafiri mwenye mzigo au shetani mwandika barua?

Kikundi chetu hapa Bagamoyo kinachagua kitabu cha Kwaresima. John Bunyan, katika The Pilgrim's Progress (1678), anamtembeza msafiri aitwaye Mkristo na furushi la dhambi mgongoni. Majaribu yana sura na majina, hata mtoto anayaona yakija. C. S. Lewis, katika The Screwtape Letters (1942), anapitia mlango wa uani: barua 31 za Screwtape, shetani mzoefu, akimfunda mpwa wake namna ya kumpoteza kijana mmoja. Silaha ni vitu vidogo vidogo: viatu vya jirani vinavyolia kanisani, mama kusemeshwa kwa sauti ya kuchoma. Nilicheka, kisha nikakumbuka Jumapili nilivyomkodolea mzee anayekwaruza wimbo nyuma yangu.

Kwa kusoma kwa sauti chini ya miembe ya Misheni, Bunyan ni mwepesi zaidi. Kura yangu kwa Lewis, ingawa Screwtape humwita Mungu "Adui" na mgeni atababaika kidogo.