VirtualBox: mgeni na mwenyeji ndani ya kompyuta moja ya mezani

Kwa mtu anayetaka kujifunza Linux bila kuifuta Windows aliyoizoea, VirtualBox ndiyo programu ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, ninayoipendekeza kwanza, kwani haina malipo na hatua zake za kuunda mashine mpya ni chache na zinaeleweka. Ilitoka mwaka 2007 mikononi mwa kampuni ya Kijerumani ya Innotek, ikahamia kwa Sun Microsystems, na tangu 2010 iko chini ya Oracle.

Niliijaribu kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8, nikiweka Ubuntu 24.04, mojawapo ya aina za Linux. Nilichagua faili la ISO, yaani nakala ya diski ya kusakinishia, nililokuwa nimelipakua, nikaipa mashine kumbukumbu ya GB 4, prosesa 2 na diski ya GB 25, ambayo haimezi nafasi yote kwa mara moja bali hukua kadiri inavyojazwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini hapa mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, akipewa kumbukumbu kupita kiasi, mwenyeji, yaani kompyuta yenyewe, ndiye anayeugua, na ndiyo maana mstari wa kugawia kumbukumbu una eneo la kijani na eneo jekundu.

Nilipobofya kitufe cha kuanzisha, mashine ilikataa kuwaka. Kosa halikuwa la programu: uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, uitwao VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD, ulikuwa umezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza, na ujumbe uliotokea uliutaja wazi. Niliuwasha, nikaanzisha upya kompyuta, na Ubuntu ikafunguka.

Tangu toleo la 7.0, hatua za kuunda mashine mpya zinakuwezesha kuiachia VirtualBox isakinishe mfumo mgeni yenyewe bila kukuuliza maswali, ila usipojaza jina na nywila zako itaweka vboxuser na changeme, nywila ambayo maana yake ni "nibadilishe" na haifai kuachwa. Mimi napendelea kuiruka hatua hiyo nisakinishe kwa mkono. Baadaye ongeza Guest Additions, programu saidizi za VirtualBox zinazowekwa ndani ya mgeni, ili skrini ya mgeni ijipanue kulingana na dirisha.

Kinachonifanya niendelee kuitumia ni uwezo wa kuhifadhi hali ya mashine kabla ya jaribio lolote la hatari: nilifuta kwa makusudi mafaili muhimu ya mfumo, kisha nikairudisha Ubuntu ilipokuwa kwa mibofyo michache.