Mapine ya A/T kwenye RAV4 kwa barabara za Goma: uzoefu wangu

Gari ni Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kazi yake ni ya kila siku: mitaa ya Himbi, Birere, Ndosho, na mara mojamoja mji wa Sake. Saizi ya mapine yake ni 215/70 R16 (upana milimita 215, urefu wa ubavu asilimia 70 ya upana huo, janti ya inchi 16), nami sikuibadilisha. Nilichobadilisha ni aina tu, nikatoka H/T, pine la lami, nikafunga A/T mpya, pine la lami na barabara mbovu pia. Chapa siitaji, kwa kuwa duka leo lina hii, kesho lina ile. Cha kusoma ni kile kilichoandikwa ubavuni.

Goma pine haliishi meno, linakufa ubavu. Makoro (mawe ya lava) ya volkano Nyiragongo, ya 2002 katikati ya mji na ya 2021 kule Buhene, yakivunjika huacha ncha kali kama chupa. Ukisogea pembeni kumpisha mwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), jiwe likashika ubavu, meno ya milimita 8 hayakusaidii kitu. Ndiyo maana mimi naanzia hapo. Karibu na janti kuna maandishi madogo: TREAD (meno), kisha SIDEWALL (ubavu). Mapine mengi ya gari dogo yameandikwa SIDEWALL 1 POLYESTER. Haya yangu yanasema 2 POLYESTER, yaani safu mbili za nyuzi. Safu hiyo ya pili ndiyo unayolipia. Lisukume ubavu kwa kidole gumba kabla halijafungwa, utasikia tofauti papo hapo.

Urefu wa ubavu nao ni kinga. Asilimia 70 ya 215 ni milimita 150. Watakuuzia 215/60 R16 kwa maneno kwamba "janti ni ileile": hapo umebaki na 129, gari imeshuka sentimita 2 na zaidi, na saa ya mwendo inakudanganya kwa takriban asilimia 6. Kupanda hadi 225/70 kunawezekana, maana kipenyo huongezeka milimita 14 tu, lakini kata usukani hadi mwisho pande zote uone kama haligusi plastiki za ndani. Namba ya uzito, inayofuata saizi ubavuni, isiwe chini ya ile ya kibandiko cha mlango wa dereva. 100 maana yake kilo 800 kwa kila pine. Anayepakia magunia ya makala (makaa) ajue hesabu hiyo.

Mapine ya okazo (yaliyokwisha tumika) siyakatai yote. Ila kwa yale ya Japani, tafuta neno STUDLESS. Hayo ni ya theluji: raba laini, meno yamechanjwa vistari vingi vyembamba. Machoni yanapendeza kwa sababu meno bado marefu, lakini kwenye lami kavu huliwa upesi na kwenye makoro hunyofoka vipandevipande. Baada ya herufi DOT soma tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. La zaidi ya miaka 6 mimi silichukui. Kama limepakwa dawa ya kung'aa, lipanguse kwanza, nyufa hujificha hapo. Ingiza mkono ndani upapase: ukikuta mviringo uliochubuka kuzunguka ubavu wote, pine hilo limetembezwa bila upepo. Lirudishe.

Kasoro za A/T zipo, tusifichane. Linavuma kwenye lami, ni zito kuliko H/T, na mafuta yanaongezeka kidogo. Kwenye lami iliyolowa breki inachelewa kushika, kwa hiyo acha nafasi zaidi mbele. Mwenye gari dogo kama Vitz anayezunguka lami tupu asisumbuke nalo. Achukue la kawaida lililoandikwa XL, yaani lililoimarishwa kubeba uzito zaidi.

Kwa gari linalovuta mbele tu, kununua mawili si kosa, mapya yakae nyuma ili mkia usiteleze kwenye mvua. RAV4 hii haikubali hivyo. Vipenyo vikitofautiana, kiungo cha kati kinachogawa nguvu kwa ekseli mbili hufanya kazi bila kupumzika, kinachemka, na bei yake inapita ya mapine.

Kufunga kusifanywe kwa haraka. Dai valvu mpya, kutu ya ukingo wa janti isuguliwe (upepo unaopungua polepole mara nyingi hutokea hapo), na ekilibraji (kusawazisha uzito wa gurudumu) ifanyike kwa mashine. Nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kwa nguvu ya Nm 103, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo upimwe pine likiwa la baridi, kwa geji yako mwenyewe, kwa kipimo cha kibandiko. Wapo wanaojaza hadi bar 3 ili "makoro yasitoboe". Kinyume chake: pine gumu halijikunji juu ya jiwe, linakatika. Na likiwa na upepo mdogo mno, jiwe hulibana dhidi ya janti na ubavu unapasuka.

Kwado (fundi wa mapine) akiweka meshi (kamba ya kuziba) kwenye tundu la msumari katikati ya meno, sawa. Akikuambia atashona ubavu na kuweka shambere (mpira wa ndani), kataa. Ule mshono unachemka, na pine likipasuka kwenye mteremko huna la kufanya.

Nunua matano. Hilo la mlango wa nyuma liingie kwenye mzunguko kila kilomita 8,000, yote matano yaliwe sawa. Siku makoro yatakapochana moja, utafunga la tano lenye meno yaleyale, bila kulazimika kununua seti nzima upya.