Matembezi ya asubuhi mji mkongwe wa Ahmedabad, kwa hela ndogo kabisa

Wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo mnaofata vitambaa India, mkifika Ahmedabad msikimbilie kurudi jamani. Mi nilibakiwa na siku moja kabla ya ndege ya Dar, hela imeshaishia kwenye mzigo, nikajiunga na yale matembezi ya asubuhi ya halmashauri ya jiji lao, na nawaambia safari nzima sikutumia pesa vizuri kama ile.

Mnaanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur, mnamalizia Jama Masjid, msikiti wa mwaka 1424, na katikati mnakatiza kwenye pol, ndo vile vichochoro ambavyo majirani wanatumia geti moja. Mji umeanzishwa 1411 na Sultan Ahmad Shah, UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia 2017, ila watu wanaishi humo humo, mama anaanika nguo juu ya mlango wa mbao wa kuchonga kama ile ya Kigujarati ya Mji Mkongwe Zanzibar, na kwenye viwanja vyao kuna nguzo ndefu yenye kibanda juu, wanaita chabutro, kazi yake kulishia ndege tu! Nilisimama pale mpaka mwongozaji akarudi kunichukua, baba mtu mzima, mpole, anaelezea taratibu.

Yalipoisha nikaunga mwenyewe kwa miguu, nikapita Teen Darwaza, lango la zamani lenye matao matatu, mpaka msikiti wa Sidi Saiyyed wa 1573. Huu usiukose aisee. Aliyeujenga ni Mhabeshi, damu ya Afrika. Dirisha lake la nyuma ni jiwe limetobolewa likawa mti wenye matawi yaliyosokotana, vitundu vidogo vidogo kama kofia ya kushonwa kwa mkono, jua linapenya unasahau kama ni jiwe. Nilishikwa na machozi kidogo, sifichi.

Usiku nenda Manek Chowk, mchana ni soko la dhahabu, usiku wanaweka meza za chakula. Nilikula pav bhaji, mkate na rojo la mboga, siagi inaelea, rupia 150, kama 4,500 ya kwetu. Bia usitafute, jimbo lao la Gujarat pombe marufuku.

Malalamiko yangu ni ya malazi. Gesti niliyobuku mtandaoni ilinikataa saa nne usiku na begi mkononi, eti hawapokei paspoti ya nje, maana mgeni wa nje lazima wamripoti serikalini kwa fomu na wao hawataki usumbufu. Inauma sana. Nikapata nyingine kwa rupia 1,200, safi, maji ya moto yapo. Kwa hiyo kabla hujalipa waulize kabisa kama wanapokea wageni wa nje, jibu liwe la maandishi. Na asubuhi vaa ndala au viatu vya kuvua haraka, hekaluni unavua, msikitini unavua, mi nilienda na raba za kamba nikawa nachelewesha kundi zima.