Unga wa bukari Lubumbashi: duka la mtu, posho ya kampuni na duka la ushirika

Meka, yaani kopo la kupimia unga, ikibonyea kitako hula vijiko vitatu vya unga kila inapojazwa, yaani gramu kama 30. Anayenunua kila siku haoni kitu, lakini mwisho wa mwezi amepoteza karibu kilo nzima. Kwa hiyo tunaanza na kipimo: ni cha nani, na nani ana haki ya kufungua daftari la hesabu? Ubepari, ujamaa na ukomunisti vinaachana hapo hapo.

Duka la mtu binafsi, ndio ubepari, linafunguliwa alfajiri, linauza hata meka moja, na mama akipungukiwa franga chache anaweza kuelewana na mwenye duka. Tatizo ni bei. Zambia ikizuia mahindi kutoka, unga uliokwisha kulala dukani unapanda jioni hiyo hiyo, kabla gari lolote halijakwama mpakani Kasumbalesa. Watu husema ni roho mbaya. Sivyo: asipopandisha leo, pesa atakazopata hazitatosha kununua mfuko mwingine depo kesho. Mtaji ni lazima urudi ukiwa umezaa, la sivyo duka linafungwa. Viwanda vya pamba vya Manchester viliendeshwa na sheria hiyo hiyo. Alama 3 kati ya 5.

Posho ya kampuni ndiyo wazee wa mji huu wanayoikumbuka kwa uchungu. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi iliyoanzishwa 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi wakae na familia zao, ikawapa nyumba, hospitali, shule na chakula. Mtoto hakulala njaa, na hilo si jambo dogo. Lakini mkono ulioshika mshahara ndio ulioshika unga. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku jambo la aina hiyo mwaka 1831, la kumlipa mfanyakazi kwa bidhaa za duka la tajiri wake. Hapa, walipogoma kudai mshahara Desemba 1941, askari waliwapiga risasi uwanjani.

Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Wapo wanaosema huo ulikuwa ujamaa. Tunakataa. Mali ilihamia kwa serikali, lakini mchimbaji hakupata kura wala daftari. Aliendelea kupokea kama mtoto anavyopokea kwa baba. Shaba ilipoanguka, kutoka zaidi ya tani 470,000 mwaka 1986 hadi kama tani 30,000 mwaka 1994, posho ilianguka nayo, na wapokeaji hawakuwa na pa kushika. Kwa unga, alama 4. Kwa haki ya kuuliza, 1.

Ukomunisti hatuupi alama, kwa sababu duka lake halijawahi kufunguliwa: kila mtu achukue kadiri ya mahitaji yake, bila bei. Hata Urusi ya Kisovieti, iliyopanga viwanda kwa miaka mitano mitano kuanzia 1928 na kugawa mkate kwa kadi hadi mwisho wa 1934, iliandika katika katiba ya 1936 kwamba kila mtu atapata kadiri ya kazi yake. Huo waliuita ujamaa. Ukomunisti waliuahirisha kwa siku za mbele.

Duka la ushirika ndilo tunalolipenda, pamoja na kasoro zake. Mfano wake ulitoka Rochdale, Uingereza, ambako mwaka 1844 watu 28, wengi wao mafundi, walichanga pauni 28 wakauza unga, siagi, sukari na mishumaa. Kila mwanachama kura moja, hata awe na hisa ngapi. Malipo papo hapo. Faida igawanywe kwa manunuzi. Kwa mfano, duka likibakiwa na franga 120,000 baada ya kuuza mifuko 600, kila mfuko unarudisha 200. Aliyenunua 12 anapata 2,400, aliyenunua 3 anapata 600.

Katika Kongo ya leo, sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, inaruhusu ushirika mdogo kuanza na watu watano. Unakufa kwa njia zinazojulikana. Deni la jamaa wa mweka hazina ndilo linaloua kwanza. Halafu mtu mmoja kushika pesa na ufunguo wa stoo pamoja. Halafu mifuko kulazwa juu ya saruji wakati wa mvua: unga wa chini unashika unyevu, unaganda na kunuka. Weka mbao chini, acha nafasi ukutani. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba anayeishi kwa franga za siku hawezi kulipia mfuko wa kilo 25 mara moja, na huyo ndiye anayeumizwa na meka iliyobonyea. Ushirika usiomkatia kilo moja moja umemrudisha kule kule. Alama 4.

Kabla ya kujiunga, jaribu mizani yao. Beba chupa nne za maji za lita moja na nusu, zitundike kwa mfuko mwepesi: isome kilo 6 na gramu chache za plastiki. Ikisoma 6 na nusu, springi imelegea na kila mfuko unapungua. Waombe wairekebishe mbele yako, kisha omba daftari la mwezi uliopita.